Ng'ombe Wahame, Daftari Nalo Lihame

Wazazi wenzangu wa Twatwatwa, Parakuyo na mabonde yote ya Kilosa, kiangazi kikikaza tunahama. Ng'ombe hawezi kungoja shule ifungwe. Hatuna la kuonea aibu hapo, ndiyo maisha ya mfugaji. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni ile imani kwamba boma likihama, masomo ya mtoto ndiyo basi tena.

Ziko familia duniani zinazoishi katika mashua za matanga, zikivuka bahari moja hadi nyingine, na watoto wao husoma humo humo chomboni. Darasa lao linafuata upepo. La kwetu litafuata malisho! Mwanao ana uwanda wa Mkata, unaoingia hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo imekuwepo tangu mwaka 1964, na mfugaji yeyote anajua gharama ya kundi kukamatwa ndani ya mpaka wake. Basi kijana asome kibao cha mpaka. Asome ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kijiji, ajue malisho yetu yanaishia wapi na shamba la mkulima linaanzia wapi. Katika wilaya hii iliyomwaga damu kwa ugomvi wa ardhi, ujuzi huo ni ulinzi bora kuliko rungu.

Hesabu ziko zizini. Majike 40, waliozaa 26: waliobaki ni asilimia ngapi? Dawa ya kuogesha hupimwa kwa mililita. Binti asome maelekezo na apime mwenyewe. Jioni, aliyefika darasa la tano amfundishe mdogo wake, hata kama ni nusu saa tu. Mama asiyejua kusoma naye akae hapo, asikilize, adai kuona daftari.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Aliyepitwa na umri ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, wenye kundi la miaka 11 hadi 13 na la 14 hadi 18. Nanyi walimu, msimwite mtoro mtoto aliyeaga. Mpeni kazi za kwenda nazo.

Baba, kabla hujang'oa boma, nenda kwa mwalimu mkuu. Mwambie mnakoelekea, omba barua ya uhamisho, omba vitabu. Kisha swaga ng'ombe.