Wewe Umejifanyia Nini?

Desemba iliyopita tulikuwa ocha, na mimi kwa kimbelembele changu nikamkosoa mwanasiasa ambaye ukoo wetu mzima unampenda. Nilisema hajawahi kutuambia wazi anafikiria nini kuhusu bei ya maziwa. Anko, mdogo wake baba, hakunijibu kuhusu maziwa. Aliweka kikombe chini, akanitazama viatu, akauliza: "Na wewe kijana, umejenga wapi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Ninakodi chumba kimoja Kahawa West na godoro liko sakafuni. Lakini kwenye matatu ya kurudi Nairobi swali lile lilinikaa kooni, maana si la anko. Ni la zamani.

Aprili 1965, Mzee Kenyatta alisimama kwenye mkutano Kandara, akamgeukia Bildad Kaggia, mbunge wa pale, mbele ya wapiga kura wake. Wote wawili walikuwa KANU, na wote wawili walihukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Mzee akaanza kumtajia wafungwa wenzao. Paul Ngei amepanda kahawa. Fred Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri. Kungu Karumba ana mabasi. Na wewe Kaggia, umejifanyia nini?

Hebu tazama kilichotokea hapo. Kaggia alikuwa anazungumza kuhusu ardhi. Serikali ilikuwa ikinunua mashamba ya masetla, sehemu kubwa kwa pesa za mkopo kutoka Uingereza, kisha Mwafrika anayegawiwa analipa deni hilo pole pole. Kaggia aliuliza kwa nini mtu anunue kitu alichoibiwa. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na msimamo huo ndio uliomwondoa kwenye kiti chake cha katibu wa bunge katika Wizara ya Elimu mwaka 1964. Hoja hiyo ingeweza kujibiwa. Mtu angesema deni la nje lazima lilipwe, au kwamba mashamba yakikatwa vipande mazao yatashuka. Hayo ni majibu, hata kama huyapendi. Lakini ukimuuliza mtu umejifanyia nini, umeshahama kutoka kwa sera hadi kwa mfuko wake, na umati unacheka, na deni linabaki pale pale.

Kwetu hilo deni si habari ya makumbusho. Guka alipata shamba lake Kinangop kwa mpango huo huo.

Na ukweli ni kwamba mfuko wa mtu haukuambii sana anasimama wapi. Chukua KANU ya wakati ule. Jaramogi Oginga Odinga, aliyeitwa mkomunisti kila kukicha, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kiongozi wa taifa. Alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947. Tom Mboya, mtoto aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge na kupanda kupitia vyama vya wafanyakazi, ndiye ambaye wizara yake iliandaa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ule unaosema pesa ziwekwe kwanza kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha ili zizae haraka. Ukiwapanga kwa mali tu, utawaweka upande usio wao. J.M. Kariuki ndiye anavuruga hesabu kabisa: alikuwa na mashamba, alipenda mashindano ya farasi, na bado alipinga wachache kujilimbikizia ardhi hadi alipouawa Machi 1975.

Sasa nikiri langu. Mimi nimekuwa nikiuliza swali la anko kwa upande wa pili. Mwanasiasa akitetea maskini, mimi naandika tu mtandaoni, "Na hiyo V8?" Naona nimemmaliza. Wakati kambi mbili za Jubilee zilipogawanyika kabla ya uchaguzi wa 2022, marafiki zangu na mimi tulibishana wiki nzima nani ni hasla wa kweli na nani amezaliwa kwenye mali. Nani angetoza nani ushuru, na kiasi gani? Sikumbuki tukiuliza.

Sisemi mali ipuuzwe. Kama mbunge anaingiza sukari kutoka nje, nataka kujua hilo kabla hajapiga kura kuhusu ushuru wa sukari. Hapo mali iko ndani ya sera yenyewe. Ila hilo ni swali tofauti kabisa na kumuuliza mtu kwa nini hana gorofa.

Kaggia alifuata Odinga kwenye KPU, na uchaguzi wa 1966 ukampokonya kiti cha Kandara. Baadaye aliendesha kinu cha kusaga mahindi. Alifariki mwaka 2005. Bado kuna watu wanaosimulia habari za kinu hicho kama kichekesho.

Pasaka nilirudi ocha. Nikamuuliza anko, kwa heshima, guka alilipa deni la shamba miaka mingapi. Alisema hajui. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani chai umejaa risiti zilizogeuka rangi ya udongo. Tukazimwaga mezani, tukaanza kuzipanga. Chai ilipoa. Tulikuwa tumefika 1979 na mkebe ulikuwa bado nusu.