Kandili za Sultani Hasan

Katika masuala ambayo wanavyuoni hawakuacha kuyarejea tangu karne za mwanzo za Uislamu ni hili la mapambo ya misikiti: je, uzuri wa nyumba ya ibada humkurubisha mja kwa Mola wake, au humshughulisha hata akasahau alichokijia? Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipoamrisha Msikiti wa Mtume ujengwe upya, alimwusia mjenzi awakinge watu na mvua, lakini ajihadhari na rangi nyekundu na ya manjano zisije zikawafitini. Na khalifa huyo huyo ndiye aliyewakusanya watu nyuma ya imamu mmoja katika tarawehe, na inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali, alipoziona taa zikiwaka misikitini usiku wa Ramadhani, alimwombea Umar nuru kaburini. Rangi aliikataza, taa hakuikataza. Nadhani hukumu imo katika tofauti hiyo, kwani pambo la ukutani halitaki ila kutazamwa, na taa humtumikia msomaji na mzee ambaye macho yake yamedhoofu. Wahenga wetu wa Kilwa, waliopachika bakuli za kaure za Kichina ndani ya makuba ya Msikiti Mkuu, walipenda uzuri nao, na mimi naupenda uzuri wao. Ila bakuli zile hazikumwangazia mtu ukurasa.

Lakini taa nayo huweza kuwa pambo, na hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Mjini Kairo, kwa ajili ya msikiti na madrasa aliyoanza kuijenga Sultani Hasan wa Mamaluki mwaka 1356, zilitengenezwa kandili za kioo ambazo hadi leo zimo katika kazi bora za mafundi wa Kiislamu. Kandili ya namna hii ina shingo inayopanuka kuelekea juu na tumbo la mviringo lenye masikio ya kupitishia minyororo. Ndani hutiwa maji na mafuta, mafuta yakaelea juu na utambi ukawaka humo. Shingoni, katika nyingi za zama hizo, fundi aliandika kwa rangi ya buluu iliyochomwa motoni mwanzo wa Aya ya 35 ya Sura An-Nur, inayoipigia nuru ya Mwenyezi Mungu mfano wa taa. Tumboni alifanya kinyume: buluu aliipaka kandokando ya herufi, na herufi zenyewe akaziacha bila rangi hiyo, hata taa ikiwashwa mwanga ukapenya humo. Na herufi hizo hazikuwa za Qur'ani. Zilikuwa jina na lakabu za mwenye kuitoa.

Je, hii ni riya? Jina la mtoa wakfu huwakumbusha wanaosali wamwombee dua, na dua ni haja ya kila mja, sultani na hamali. Hata hivyo siwezi kuutetea mpango unaoipitisha nuru katika jina la mfalme na kuiacha Aya ya Nuru katika rangi nzito. Kadari nayo haikumpa Hasan alichokitaka: aliuawa mwaka 1361 kabla ya jengo kukamilika, maiti yake haikuonekana, na kuba alilojijengea nyuma ya mihrabu halikumpokea.

Kilichobaki ni wakfu. Masultani na maamiri wa zama zile walitenga mapato ya mashamba na maduka kwa ajili ya mafuta na ujira wa mwasha taa, ili mwanafunzi apate mwanga hata mfalme akishakufa. Na hilo, kwangu mimi, ndilo linalouhalalisha uzuri wa kandili. Leo nyingi zimo katika majumba ya makumbusho ya Kairo, London na Paris, zikitazamwa tu, yaani zimefanywa lile ambalo Sayyidna Umar alilihofia kwa rangi. Basi anayetaka kuuwekea msikiti wakfu wa taa, na aitoe nzuri kadiri ya uwezo wake. Lakini aitundike pale wanaposomea watu, na gharama ya umeme wake aiandike katika wakfu huo huo.