Mji Ulio Karibu na Maiti

Somo: Kumbukumbu la Torati 21:1–9

Torati inasema mtu akikutwa shambani ameuawa na muuaji hajulikani, mambo hayaishii hapo. Wazee na waamuzi watatoka, watapima umbali kutoka pale maiti ilipo hadi miji ya kandokando, na mji ulio karibu zaidi utasimama mbele za Mungu kujibu. Si ati ndio ulioua. Ni kwamba uko karibu.

Sasa sisi wa Elgon View tupime. Kiambaa ni kilomita chache tu kutoka hapa. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God, wengi wao akina mama na watoto, walichomewa mle ndani, na zaidi ya 30 wakafa. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste kama letu, na walikuwa wamekimbilia mahali ambapo hata mimi ningekimbilia.

Nani alijibu? Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia wanaume wanne walioshtakiwa, na jaji akalaumu uchunguzi wa polisi. Kule The Hague, kesi ya William Ruto na Joshua Sang ilianza Septemba 2013. Mashtaka yalikuwa ya uhalifu dhidi ya binadamu, si mauaji ya kimbari kama wengine wanavyosema. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisimamisha kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hawakuwatia hatiani, wala hawakutoa hukumu kwamba hawana hatia. Na mmoja wao akaandika kwamba mashahidi waliingiliwa. Siku chache baadaye kulikuwa na maombi ya shukrani pale Afraha, Nakuru. Mimi simhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu, na anayeondolewa mzigo wa kesi ana haki ya kushukuru. Lakini Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Jamaa zao washukuru kwa lipi?

Mtu ataniambia: pasta, si tulishasameheana? Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Mama aliyepoteza mtoto Kiambaa anaweza kusamehe, na wako waliosamehe, Mungu awabariki. Mimi siwezi kusamehe kwa niaba yake. Tena msamaha wake haumwondolei aliyeona wajibu wa kusema. Walawi 5:1 iko wazi: aliyeshuhudia jambo, akasikia mashahidi wanaitwa, akanyamaza, atabeba uovu wake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akinyamaza kwa ajili ya amani ni sawa.

Na kama sisi tulio karibu hatupimi, wako wa mbali wanaopima. Abubacarr Tambadou, aliyewahi kufanya kazi kwenye mahakama ya Rwanda pale Arusha, alikuwa waziri wa sheria wa Gambia alipoenda Bangladesh kuwasikiliza wakimbizi Warohingya. Novemba 2019 nchi yake ikaishtaki Myanmar kule The Hague kwa mauaji ya kimbari. Angalieni ramani muone Gambia iko wapi na Myanmar iko wapi. Tena Warohingya wengi ni Waislamu. Kuna wapendwa wanaosikia hivyo wakaacha kusikiliza. Maiti ya shambani haikuulizwa dini.

Kwenye fungu la 7 wazee wanatamka kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo, wala macho yao hayakuona. Sehemu ya kwanza wengi wetu tunaweza kuitamka bila shida. Hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua, maana moshi wa siku ile ulionekana, na kuna watu hapa mjini wanaojua ni nani waliokuwa njiani asubuhi hiyo. Kwa sheria ya Kenya kesi ya mauaji haizeeki. Mwenye neno aje ofisini siku yoyote, hata usiku. Tutamtafutia wakili wa kuaminika kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote kujua jina lake.