Mkubwa Asiye na Nafasi

"Sina nafasi." Ndiyo maneno yanayosikika sana siku hizi ofisini, shuleni, hata majumbani mwa Wakristu. Mkubwa wa kazi huyatamka akipita mbio, simu sikioni, na wengi humsifu kuwa ni mtu wa bidii. Basi yafaa tuulize: je, kuketi na kuzungumza na wenzako ni uvivu, au ni sehemu ya kazi yenyewe?

Wazee wa Igogwe na wa Rungwe yote walikuwa na jibu lao tangu zamani. Katika Kinyakyusa liko neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula, kunywa na kuongea kama watu walio sawa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliona jinsi vijana wa rika moja walivyojenga vijiji vyao wenyewe. Na katika kitabu alichokitoa 1951, Monica alieleza kwamba katika maongezi hayo ndimo mtu alimopata adabu na busara.

Maandiko Matakatifu yatufundisha vivyo hivyo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa aliamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni. Hakuwa mvivu hata kidogo. Lakini alikuwa akijichosha, na kuwachosha watu. Ni nani aliyemwonya? Mkwewe Yethro, mgeni kutoka Midiani. Tena tuangalie: kabla ya onyo, wawili hao waliulizana hali, wakaingia hemani, wakasimuliana habari, wakala chakula pamoja na wazee. Onyo lilikuja kesho yake, na Musa akalipokea. Kama angalisema hana nafasi, nani angalithubutu kumwambia?

Hata nchi yetu ina mfano wake. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili apate kuzunguka nchini, kuimarisha chama cha TANU na kusema na wananchi. Wengi walistaajabu. Lakini Serikali haikuanguka, na Desemba mwaka uo huo alirudi akiwa Rais.

Hata hivyo tusijidanganye. Ukwangala wa kale ulikuwa hasa wa wanaume wa rika moja. Wake zao hawakuketi katika baraza ile. Kasoro hiyo tunayo hata leo: wakubwa hupata nafasi ya kuzungumza na wakubwa wenzao tu. Igogwe iko hospitali ya Kanisa, nasi twajua kazi ya hospitali yo yote ilivyo: muuguzi wa zamu ya usiku ajua ni nani aliyelia hadi alfajiri, na mfagiaji wa wodi ajua ni mgonjwa gani hakugusa chakula. Asiyeketi na hao ataongoza kwa karatasi tu.

Hatusemi kwamba kila porojo ni wema. Apigaye soga huku watu wamepanga foleni anaiba saa zao. Twasema hivi: mkubwa asiyepatikana amewafungia wenzake mlango wa kumsahihisha, naye hukosea peke yake, ila hasara huwafikia wote.

Baba wa nyumba, mwalimu, mkubwa wa kazi, na ajiulize kila mmoja: ni mdogo gani wangu ambaye sijaketi naye mwezi huu? Amtafute, aweke simu kando, amsikilize mpaka amalize. Kazi itakayochelewa kwa nusu saa itamalizika kesho. Lakini neno ambalo mtoto au mtumishi amelirudisha moyoni kwa kukosa msikilizaji, huenda lisitoke tena.