Paka uliyemchukua ni amana, utaulizwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila Jumamosi baada ya darsa la asubuhi huenda kujitolea katika kituo kimoja hapa Dar es Salaam kinachopokea paka waliotupwa. Kazi yenyewe si ya fahari: kusafisha vizimba, kubadilisha mchanga wa choo, kuchemsha dagaa, na kuwashikashika watoto wa paka ili wazoee watu kabla hawajapata wa kuwachukua. Wengi huletwa wakiwa ndani ya maboksi na viroba vilivyookotwa majalalani. Wapo wenzangu wanaoniuliza: "Ustadhi, mayatima wamejaa mjini, wewe unalea paka?"

Swali hilo linastahiki jibu. Katika Hadith waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametueleza habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe. Sahaba walipouliza kama kuna ujira kwa wanyama, waliambiwa kuwa katika kila chenye uhai kuna ujira. Mtu yule hakuulizwa kwanza amelisha mayatima wangapi. Haki ya yatima iko pale pale na ni kubwa zaidi, lakini kiganja cha dagaa hakijamnyang'anya yatima kitu. Waama, jicho lililozoea kumpita paka anayekufa njaa halichelewi kuzoea kumpita mtoto wa jirani.

Sasa tuitazame Hadith nyingine, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, nayo wameipokea Bukhari na Muslim. Hatukuambiwa kwamba alimpiga wala kumchoma. Kosa lake ni kuwa alimfungia, asimlishe, wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhini. Asingemfungia, paka yule angekwenda kutafuta riziki aliyoandikiwa na Mola wake. Alipomfungia, akawa amebeba dhima.

Hapo ndipo penye funzo kwa anayetaka kufuga. Mtu akija kituoni kuchukua paka huulizwa: mwenye nyumba wako ameridhia? Ukisafiri Idd, nani atamlisha? Utampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa? Wengine hukasirika: "Paka tu, maswali yote hayo?" Ndiyo, paka tu. Mwanamke yule naye alikuwa na paka tu.

Wanaotupa paka wana visingizio vyao. Cha kwanza ni najisi. Hadith ya Abu Qatada (RA), aliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inatueleza kuwa alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akabainisha kuwa Mtume (SAW) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, na najisi husafishwa. Kisingizio cha pili ni kuzaliana. Ni kweli, mimba ya paka ni kama miezi miwili tu, na jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Wapo wanazuoni wa zama zetu walioruhusu daktari wa mifugo amfunge uzazi kwa haja, kwa sharti asidhurike, na wapo wanaokataza. Muulize sheikh wako. Lakini huyo sheikh, vyovyote atakavyojibu, hatakuambia uwatie kwenye kiroba ukawatupe.

Ndugu zangu, jambo hili si geni lililoletwa na Wazungu. Sultani Baybars, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, anasimuliwa kuwa aliweka wakfu bustani mjini Cairo kwa ajili ya paka. Katika miaka ya 1830, Muingereza Edward Lane aliandika kuwa bustani ile ilikwishauzwa mara kadhaa, lakini Kadhi wa Cairo aliendelea kuwalisha paka. Kila alasiri mabaki ya nyama yalipelekwa kwenye ua wa mahakama, na paka wakakusanyika kula. Tazama jinsi wakfu ulivyokaribia kutoweka, na dhima ikabaki kwa Kadhi!

Basi tujiulize, sisi wenye misikiti kila mtaa na mabucha kila kona, tunashindwa nini? Mwenye bucha anaweza kutenga mabaki. Mwalimu wa madrasa anaweza kumzuia mtoto anayemrushia paka jiwe, kisha akamsomesha Hadith hizi mbili. Kijana mwenye nafasi anaweza kujitolea saa mbili kwa wiki.

Na wewe unayetaka kuchukua paka, jipime kwanza. Usipoweza, mwache; hutaulizwa kwa usichokibeba. Ukishamchukua, yeye hawezi kudai haki yake kwako, lakini Mola wake anamuona.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie nyoyo zenye huruma na atusaidie kutekeleza amana zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.