Aliyeshika Orodha

Desemba iliyopita, usiku wangu wa pili ushago, stima ilipotea Kibugu nzima. Kulikuwa na ile baridi ya huku juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, ambayo hata sweta mbili haziisikii. Shosho alikuwa jikoni kando ya moto. Mimi nilikuwa na laptop yenye chaji ya kama saa mbili.

"Mzee wangu," akaniita, "fungua hiyo kitu yako tuone watu."

Ananiita mzee wangu kwa sababu mimi ni mvulana wa kwanza wa mwanawe, na kwa desturi yetu nilipewa jina la guka. Kwa hivyo mimi ndiye mumewe mdogo. Umekuwa utani wetu tangu nikiwa mtoto.

Filamu niliyokuwa nayo ni The Hunger Games, ile ya kwanza ya 2012. Wengi wenu mnaijua. Nchi inaitwa Panem, imegawanywa wilaya 12, watu wamezungushiwa ua, na kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja waende kuuana mbele ya kamera. Shosho hajui Kiingereza, kwa hivyo nilikuwa namtafsiria kwa Kiembu huku sinema ikiendelea.

Alitazama kimya hadi ile sehemu ya kuchagua watoto. Watoto wamepanga laini uwanjani. Askari wamesimama kando na bunduki. Mbele kuna meza. Kila mtoto akifika anadungwa kidole, damu inawekwa kwa karatasi, jina linahakikishwa, anapita. Shosho akainua mkono. Nikasimamisha.

"Huyo wa kwa meza," akasema, "ni wa kwao ama alitoka kwingine?"

"Sijui, shosho. Sinema haisemi."

"Ingefaa iseme."

Nimekaa na swali hilo miezi sasa, na ndilo linalonifanya niandike.

Filamu za aina hii huitwa za distopia. Zinaonyesha jamii iliyopangwa vizuri kabisa, kila kitu na hesabu yake, lakini mpango wenyewe ni wa kuwakandamiza watu. Kizazi chetu kimekula hizi sinema sana. Tunazipenda kwa sababu zinatuonya kuhusu kesho. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini, mpaka nilipomtazamia shosho uso wake ukimulikwa na ile skrini. Yeye hakuona kesho. Alikuwa anaona mahali anapopajua.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Shuleni tunafundishwa kuhusu Mau Mau msituni na kuhusu Kapenguria, halafu tunaruka hadi uhuru. Kinachopitwa haraka ni vijiji. Kuanzia Juni 1954 watu walitolewa katika boma zao, nyumba zikachomwa, wakajazwa katika vijiji vya lazima. Kwa muda usiozidi miaka miwili, zaidi ya watu milioni 1, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikuwa wamefungiwa katika vijiji zaidi ya 800. Kulikuwa na mtaro wenye miti iliyochongwa ncha, waya wa miiba, mnara wa mlinzi, na lango moja. Ukanda ulio kando ya msitu ulipigwa marufuku, ili wapiganaji wasipate chakula. Ukionekana nje baada ya kafyu unaweza kupigwa risasi. Mchana wanawake walichimba mitaro na barabara bila malipo. Baadaye walipewa muda mfupi wa kukimbia shambani kutafuta cha kupika, na firimbi ikilia uwe umerudi ndani.

Kwa Kikikuyu kijiji cha namna hiyo kiliitwa gĩcagĩ, na wengi husema neno letu la mtaani, ushago, limetoka huko. Yaani kila Desemba tunapanda matatu tukiwa na furaha, tukisema tunaenda ushago, na huenda mdomoni tumebeba jina la ile kambi.

Kwa hivyo nchi ya ua, orodha na njaa ilikuwepo hapa, na mtu aliyeishi ndani yake alikuwa amekaa karibu nami akichochea moto. Hilo peke yake lingetosha kuwa insha: kwamba wengine wanaogopa kesho ambayo sisi tulishaiona jana. Afrika Kusini walishalisema kwa sinema. District 9 ya 2009 inaonyesha viumbe kutoka anga za juu wakifungiwa katika kitongoji cha Johannesburg, lakini jina lake linakumbusha District Six ya Cape Town, ambapo watu halisi walihamishwa kwa nguvu na serikali ya ubaguzi wa rangi.

Lakini shosho hakuuliza kuhusu ua. Aliuliza kuhusu mtu wa kwa meza. Na usiku ule, laptop ikiwa imezima, aliniambia kwa nini.

Mtu wa kwa meza katika kijiji chao alikuwa guka.

Nilijua guka alikuwa "upande wa serikali". Nyumbani ilisemwa hivyo, kwa sauti ya chini, halafu mtu anauliza kama kuna chai imebaki. Sikujua ilimaanisha nini. Ilimaanisha kwamba alikuwa homugadi wa lango. Alishika orodha ya majina na firimbi. Jioni alihesabu watu wakiingia, na hesabu isipotimia, kuna mtu angepigwa. Shosho alikuwa ameolewa naye mwaka mmoja kabla.

"Kulikuwa na njaa," akasema. "Watoto walikuwa wanavimba miguu. Usiku mmoja guka wako alinifungulia nikaenda kwa shamba letu la zamani kuchimba nduma. Nilirudi na kikapu. Mama wa ng'ambo aliona. Kesho yake usiku alikuja langoni akaomba afunguliwe pia. Alikuwa na mtoto mgonjwa. Guka wako akakataa. Akamwambia sheria ni sheria."

Akanyamaza kidogo.

"Yule mtoto hakumaliza mwezi. Na mimi nduma nilikula."

Sasa, kuna njia mbili rahisi za kulijibu jambo hili, na zote nimezijaribu.

Ya kwanza ni kusema guka hakuwa na uwezo. Serikali ilikuwa na bunduki, na angefungua lango kwa kila mtu angefungwa au kuuawa. Kuna ukweli hapo. Watu walijiunga na homugadi kwa sababu nyingi: woga, njaa, imani ya kanisa, chuki za zamani za mashamba, ndugu aliyeuawa na Mau Mau. Lakini jibu hili linavunjwa na ule usiku wa kwanza. Lango lilifunguka. Guka alijua sheria inaweza kuvunjwa, kwa sababu aliivunja mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo, na aliitumia kwa nyumba yake tu.

Jibu la pili ni kusema guka alikuwa msaliti, basi, tufunge kesi. Hili ndilo jibu la kisinema, na nadhani hapa ndipo filamu hizi, pamoja na uzuri wake, zinatuharibu kidogo. Kamera huketi na shujaa. Tunatazama kwa macho ya Katniss, tunapita chini ya ua pamoja naye, tunachukia watawala pamoja naye. Saa mbili zikiisha tunatoka tukiwa na hakika kwamba sisi pia tungekuwa waasi. Nani amewahi kutoka kwa sinema akisema, "Mimi ningekuwa yule wa kwa meza"? Na ukihesabu watu, wapo akina Katniss wangapi na wa kwa meza wangapi? Gavana Evelyn Baring hakuwahi kulala Kibugu akihesabu watu langoni. Alihitaji mtu wa hapa, anayejua nani ni mtoto wa nani.

Ndiyo maana kwenye ukaguzi wa siku zile kulikuwa na yule aliyeitwa gakũnia, mtu aliyefunikwa gunia kichwani, ametobolewa matundu ya macho, anayeonyesha kwa kichwa tu nani ni Mau Mau. Gunia lilikuwa la nini? Mgeni hahitaji kujifunika. Anayejifunika ni yule ambaye kesho atakutana nawe kisimani.

Usidhani naandika mambo ya kale. Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, tumeona vijana wakibebwa na watu waliofunika nyuso, katika magari ambayo namba zake hazisaidii. Sote tunajua wa kulaumiwa juu. Lakini kuna mse anaendesha lile gari, na jioni anaenda kwake, labda ploti moja na wewe. Kuna mtu alipiga picha ya meseji za grupu ya WhatsApp akazituma. Kuna mtu ofisini aliyeambiwa atafute laini ya fulani iko wapi, akaitafuta, kisha akaenda lunch. Hakuna kati yao anayejiona mbaya. Kila mmoja ameshika kipande kidogo cha orodha.

Mwaka ule wa District 9 alitoka pia mtoto wetu, Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu. Kama hujaiona, itafute, haifiki hata nusu saa. Ni miaka 35 baada ya vita vya maji, na watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo moja lililofungwa, jamii iitwayo Maitu. Nje kumekufa. Ndani kila tone linahesabiwa, hata jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, anayefanya kazi katika makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake, na anataka kuipeleka nje. Wakubwa wanakataa.

Kwa muda mrefu nilimkumbuka Asha tu, jinsi anavyoumalizia ule mche maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Niliporudi kuitazama baada ya ile Desemba, niliangalia mtu mwingine: mwanamke wa usafi chooni, anayemsaidia Asha kutoroka. Hana hotuba. Hatoki nje. Yeye ni mtu wa ndani, ana kazi yake, ana cha kupoteza. Lakini bila yeye Asha hafiki popote na hakuna mti. Kwangu mimi sasa ndiye kipimo, kwa sababu nafasi yake inalingana kabisa na ya guka. Wote wawili ni wadogo, wote wako chini ya amri, wote wako karibu na mlango.

Sisemi ni rahisi. Nasema swali la maadili kwa wengi wetu haliko pale sinema inapoliweka. Haliulizi kama ungeangusha serikali. Linauliza ule uwezo mdogo ulio nao unaishia wapi: kwa watu wa nyumba yako, au unafika ng'ambo? Kumpenda mkewe hakukumfanya guka kuwa mbaya. Kosa lake ni kwamba alipomfungulia mmoja alikiri kwamba lango ni lake pia, halafu usiku uliofuata akajifanya ni la Mzungu.

Na mimi je? Guka alipata cheti cha utiifu, na wenye cheti walipata nafuu ambazo wengine hawakupata, hata haki ya kupiga kura mwaka 1957. Alipanda kahawa mapema. Kahawa hiyo ilimsomesha baba, na baba akanisomesha mimi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Hilo ni deni la London. Deni la nduma halimo. Sikumnyima mtu yeyote chakula, sikuwa nimezaliwa, na nadhani hatia hairithiwi. Lakini faida nimeirithi, na jina nimelirithi, na sijui kama mtu anaweza kupokea hivyo viwili akadai cha tatu hakimhusu.

Kila Desemba, tangu nikiwa mdogo, shosho hunituma ng'ambo ya kijito na kikapu cha nduma kwa familia ile. Mama mwenyewe alishakufa. Yupo mwanawe, mzee sasa, aliyezaliwa baada ya yule mtoto. Nilidhani ni ujirani mwema tu. Mwaka huu nilivuka nikijua nilichobeba. Mzee alipokea kikapu, akaita jina langu, ambalo ni jina la guka, akauliza habari za Nairobi. Nilitaka kusema kitu, nikakosa nianzie wapi, na sikuwa na hakika kama ni changu kusema.

"Mwambie mama zimefika," akasema. Akarudisha kikapu, kikiwa na parachichi nne ndani, kama kawaida.