Kumfundisha mbwa kuchunga kwa mchezo: je, ni halali?

Jioni moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, kijana mmoja wa parokia yetu alitungoja nje ya kanisa pamoja na mbwa wake. Alikuwa na ulizo. "Mwalimu, je, ni dhambi kumfundisha mbwa kuchunga mbuzi, ikiwa mtu hana mbuzi wake mwenyewe, wala hatafuti feza, ila anafanya hivyo kwa kujifurahisha tu?" Nyuma yake alisimama shangazi yake, na usoni pake tuliona kwamba ulizo lile halikuzaliwa siku ile. Yeye alikuwa amekwisha kulijibu nyumbani kwa methali ya wazee: Kazi mbi si mchezo mwema.

Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka, maana tulitambua ya kuwa hatuna jibu. Mambo ya wizi, ya uzinzi na ya uchawi tumezoea kuyajibu. Lakini mchezo? Tena mchezo wa mtu na mnyama? Tulimwomba atupe siku chache. Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyafikiri tangu jioni ile, na wasomaji watapima wenyewe kama twasema kweli.

Kwanza yafaa kujua mchezo huu ni nini. Kijana yule hakuubuni. Aliuona katika simu yake. Katika nchi zenye kondoo wengi, kama Uingereza, Australia na Nyuzilandi, watu hukutanisha mbwa wao na kuwashindanisha. Shindano linalokumbukwa sana lilifanywa Bala, katika nchi ya Wales, mwaka 1873. Aliyeshinda ni Mskoti aitwaye James Thomson, na mbwa wake Tweed. Mwaka 1906, mwaka uleule ilipoanzishwa Union Minière ya Katanga yetu, wapenda mbwa wa kondoo waliunda chama chao cha kimataifa, na chama hicho kingali hai.

Mchezo wenyewe wafanyika hivi. Kondoo wachache huachwa mbali malishoni. Mtu husimama mahali pake bila kwenda, na mbwa hutumwa. Yeye hawaendei kondoo moja kwa moja. Huwazunguka kwa mbali, na njia yake huwa na umbo la avoka, nyembamba karibu na bwana wake, pana kule waliko kondoo, ili asiwatishe. Kisha huwaamsha polepole, huwaleta, huwapitisha milangoni, na mwisho huwaingiza zizini. Mtu humwongoza kwa sauti na kwa filimbi: nenda kulia, nenda kushoto, lala chini, sogea. Liko na neno la mwisho, la kumwambia kwamba kazi yatosha. Mbwa asiyejua kuitikia neno hilo hahesabiwi kuwa amefundishwa.

Wajuzi wasema kwamba nguvu ya mbwa huyu ni nguvu ileile ya uwindaji. Mbwa mwitu humkazia macho mnyama, humnyemelea, humkimbiza, humkamata, humwua. Katika mbwa wa kondoo watu wameyahifadhi yale ya kwanza, wakayazuia ya mwisho. Ndiyo maana mwamuzi huhesabu makosa yote na kuyapunguza katika alama, lakini mbwa akimrukia kondoo na kumwuma bila sababu hutolewa shindanoni mara moja. Sheria hiyo tuikumbuke, tutairudia.

Siku hizi wengi wanaocheza hivi si wachungaji. Ni watu wa mijini wenye mbwa wa nyumbani. Jumamosi humchukua mbwa wao, hwenda shambani kwa mtu mwenye kondoo, humlipa, na mbwa hupata muda wake wa kuchunga. Jioni mbwa hurudi mjini kulala, na kondoo hungoja mbwa mwingine.

Huku kwetu Likasi mambo ni mengine. Mbwa wa asili wa Kongo ni mwindaji. Hana desturi ya kubweka, na wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wamsikie majanini. Wazungu waliompeleka Ulaya katika miaka ya 1930 walimwita basenji, neno ambalo sisi twajua laudhi namna gani linapotupwa kwa mtu. Ng'ombe wa uwanda wa Biano huchungwa na watu. Mbuzi wa mjini, katika Kikula na kwingineko, hujichunga wenyewe kando ya barabara mpaka jioni. Na yule mbwa mkubwa mwenye masikio ya kusimama, ambaye Kifaransa humwita berger, yaani mchungaji, sisi tumemjua langoni tu, akilinda mali ya wengine. Wachache wanajua kwamba jina lake ni la kweli, na kwamba babu zake walichunga kondoo huko Udachi. Mbwa wa kijana wetu ni mtoto wa berger wa namna hiyo na mbwa jike wa mtaani. Alipomwona akiwazunguka mbuzi bila kufundishwa na mtu, alishangaa, ndipo alipoanza.

Sasa tulijibu neno la shangazi. Kazi mbi si mchezo mwema: hata kazi duni yashinda mchezo mzuri. Katika mji uliojengwa kwa shaba na jasho, methali hii ina uzito, na hatutaki kuidharau. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na pumziko lake ni mchezo. Alikumbusha habari ya zamani ya Mtume Yohane. Watu walichukizwa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, mwenye upinde, apige mshale. Kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na moyo wa mtu usiolegezwa kamwe. Basi mchezo si dhambi kwa kuwa ni mchezo. Wala mbwa si mgeni katika Maandiko: Yobu alitaja mbwa wa kundi lake, na kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika, mbwa naye alifuata njia.

Neno la pili ni la feza. Mbwa hula. Katika lupango ambamo watoto hugawana bukari bila mboga, mfupa wenye nyama kidogo ukipewa mbwa, mtoto huona, na hasahau. Katekisimu ya Eklezia, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mtu aweza kuwapenda wanyama, lakini haifai kutumia kwa ajili yao mali ambayo kwanza ingeondoa taabu ya watu, wala kuwapa upendo unaowapasa watu peke yao. Tulimwuliza kijana mbwa wake anakula nini. Alijibu: makoko ya sufuria na matumbo ya samaki. Hapo hatukumwona na kosa. Lakini mtu ajiulize ulizo hili kila mwezi, maana mchezo huanza na makoko, na mara nyingi humalizika dukani.

Neno la tatu ndilo gumu, nalo hatukulipata vitabuni. Kijana alikuwa akitumia mbuzi wa mjomba wake, upande wa Panda, na kati yao alikuwako mbuzi wa mama mjane mmoja, aliyemwacha pale kwa kuaminiana. Mbuzi yule alikuwa na mimba. Siku moja rafiki za kijana walikuja kutazama. Walishangilia, naye akamtuma mbwa mara moja, mara mbili, mara tano, kwenye jua kali. Usiku ule mimba ya mbuzi iliharibika. Mama mjane alikuwa ametegemea kuwauza watoto wa mbuzi yule ili alipe masomo ya mwanawe. Kijana alipoulizwa, jibu lake la kwanza lilikuwa: "Lakini ilikuwa mchezo tu." Kumbe hiyo ndiyo sababu ya ulizo lake, na ndiyo sababu shangazi alikuja naye.

Hapo tuliona jambo. Mpira ukipigwa, hausikii kitu. Wachezaji wawili wakigongana, wote wawili walikubali kuingia uwanjani. Lakini mbuzi hakuitwa kucheza. Mtu anafurahi, na mbwa anafurahi, maana damu yake yamtuma. Mbuzi peke yake ndiye aliyeogopa na kuchoka, na hakuna aliyemshangilia. Tena nyuma ya mbuzi yuko mwenye mbuzi.

Mtu atatuambia: "Mbuzi huyohuyo mtamchinja Noeli. Kwa nini mnamlilia kwa kukimbizwa?" Twajibu kwamba kuchinja kwa haja ya chakula ni jambo moja, na kutesa kwa kicheko ni jambo lingine. Kitabu cha Mithali chamsifu mtu wa haki kwa sababu aijali nafsi ya mnyama wake, na mtu yule wa kale alikula nyama kama sisi. Aliyemchinja mbuzi aweza kusema mbele ya Mungu: nilikuwa na watoto wa kulisha. Aliyemkimbiza mara tano kwa ajili ya makofi ya rafiki zake atasema nini?

Je, basi, mchezo wote ni mbaya? Hatusemi hivyo. Tuirudie ile sheria ya mwamuzi. Mchungaji wa kweli huwasukuma kondoo kwa faida ya kondoo: wafike majini, waepuke simba, walale zizini. Ufundi wote wa mbwa ulizaliwa katika faida hiyo. Mchezo uliotoka katika kazi waweza kubaki mwema ukiishika sheria ya kazi ile. Kule mbwa anayeuma hutolewa, na anayewatia kondoo mbio bila haja hupoteza alama. Yaani hata katika kucheza, watu wamekiri kwamba kondoo si mpira. Mchezo unaosahau hilo umekata mzizi wake, na hapo methali ya shangazi ni kweli kabisa.

Tulipofika hapa tulidhani tumemaliza. Lakini dhamiri haikutuacha, kwa maana na sisi twaitwa wachungaji wadogo. Mwaka mmoja mgeni mkubwa alikuwa anakuja kuitembelea parokia. Majuma matatu tuliwafundisha watoto kujibu maulizo ya katekisimu kwa pamoja, kwa kuinua mkono wetu tu. Siku ilipofika tuliinua mkono, wakajibu, tukaushusha, wakanyamaza. Mgeni alitusifu sana. Juma lililofuata, mtoto mmoja alikuja kutuuliza maana ya neno moja ambalo alikuwa amelitamka vizuri kuliko wote, nasi tukamwambia aende, kwa sababu tulikuwa tumechoka. Mtoto yule hakurudi tena katika mafundisho.

Tuliwasukuma kwa faida ya nani? Hatukumwuma mtoto, hatukumpiga. Tulimzungusha tu, kwa ustadi, mbele ya watazamaji. Basi hatukuwa na haki ya kumkemea kijana kana kwamba kosa lake ni geni kwetu. Yeye alifanya na mbuzi. Sisi tulifanya na watoto wa Mungu. Na kila mtu mwenye watu chini yake, baba wa nyumba, mwalimu wa kalasi, mkubwa wa kazi, na ajiulize vivyo hivyo: hawa ninaowaongoza, je, nawapeleka majini, au nawazungusha nipate makofi?

Jibu letu kwa kijana lilikuwa hivi. Si dhambi kumfundisha mbwa wako kuchunga kwa kujifurahisha. Lakini uyashike mambo matatu. Chakula cha mbwa kisitoke katika sahani ya mtoto. Mnyama wa mtu usimguse bila ruhusa ya mwenyewe, na ukimharibia, ulipe. Haki haijui neno "mchezo tu". Na ujue lini kusema yatosha, si kwa mbwa tu, bali kwa nafsi yako mwenyewe, hasa pale watu wanaposhangilia.

Kijana anatengeneza simu sokoni. Ilimchukua miezi kadhaa kupata bei ya mbuzi jike mchanga, akampelekea mama mjane, akapiga magoti. Mama alimpokea mbuzi na kumsamehe. Lakini hakumrudisha kundini. Amemfunga kwa kamba katika lupango lake, mahali anapoweza kumwona. Kijana alisikitika, akatuomba tuseme na mama. Tulikataa. Msamaha ni wa mama kuutoa, nao ameutoa. Imani hurudi kwa mwendo wake, na hakuna filimbi ya kuiita.

Siku hizi, saa kumi na moja jioni, mbwa yule huwaleta mbuzi wa mjomba nyumbani, polepole, bila kelele, na mtoto aliyekuwa akiwafuata zamani hupata nafasi ya kuandika masomo yake kabla ya giza. Shangazi hupita pale akirudi sokoni. Methali yake angali nayo, lakini tumemwona akisimama kutazama.